Ruta Iliyoogopa Mvua

Elimu haina mwisho, walituambia tangu shule ya msingi. Ya kwangu kweli haikuwa na mwisho. Shahada ya uzamili ya miaka miwili nilikuwa nayo mwaka wa nne, na barua ya chuo ilikuwa imeshanifikia: muda wa nyongeza ni huu wa mwisho, tasnifu iwe imewasilishwa kabla ya mwezi wa sita kwisha, la sivyo jina linafutwa. Niliisoma kwenye simu nikiwa nimepiga magoti chini ya meza ya mhasibu, natafuta kwa nini printa yake haivuti karatasi.

Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Bariadi. Afisa TEHAMA. Kwenye karatasi naonekana mtu wa maana; kwa vitendo mimi ni mtu wa printa, wa nywila zilizosahaulika, wa "dada njoo, kompyuta yangu imeganda tena". Saa tisa na nusu wenzangu wakiondoka, mimi nilikuwa najifungia chumba cha seva, chumba pekee chenye kiyoyozi kinachofanya kazi, navaa sweta, naanza kusoma namna data inavyotafuta njia duniani. Kichwa kimeshachoka, macho yanawasha, kurasa zile zile nazisoma mara tatu. Nyumbani nilikuwa na watoto wawili na mume mwenye swali moja tu: "Hicho kitabu kinaisha lini?" Aliuliza kwa upole, na afadhali angenigombeza, ningepata la kumjibu.

Nieleze kidogo nilichokuwa nasoma, maana hata mama yangu mzazi alidhani nasomea kufunga ving'amuzi. Ruta ni kile kiboksi kinachoamua data ipite wapi. Kiboksi kimoja hakiijui dunia nzima. Kinawajua majirani zake tu, na majirani wanakiambia wanaowajua wao, na hao wengine, mpaka habari inafika. Kila baada ya sekunde kumi kinamsalimia jirani: nipo. Jirani naye: nipo. Zikipita sekunde arobaini bila salamu, jirani anahesabiwa amekufa, na wote waliobaki wanaanza kutafuta njia nyingine ya kupita. Kwa Msukuma hilo halihitaji shahada. Asubuhi jirani hajakuambia mwangaluka, mchana hajakuambia mwadila, utatoka uende kuangalia kama ni mzima. Tasnifu yangu ilikuwa inapima jambo moja: njia ikikatika kwenye maeneo kama yetu, ruta zinachukua sekunde ngapi kupata nyingine, na je, zile sekunde arobaini, zilizopangwa na watu ambao umeme wao haukatikikatiki, zinatufaa sisi.

Nikahangaikia vibali, nikavipata, nikafunga ruta tatu. Moja Malampaka, kwenye ofisi jirani na stesheni ya treni. Moja Nassa, kule ziwani. Ya tatu kwenye zahanati ndogo ya kijiji upande wa Nkololo. Kila moja ilikuwa na laini mbili za kampuni mbili tofauti, ili moja ikifa nyingine ishike. Hazikubeba taarifa za mgonjwa wala za mtu yeyote. Zilikuwa zinasalimiana tu na kuandika kila salamu kwenye kumbukumbu, kama wazee wasio na shughuli. Mwezi wa kwanza zote tatu zikaanza kazi.

Malampaka haikunisumbua. Nassa ilikatika mara mojamoja, ikarudi. Nkololo ndiyo ilitaka kunitia wazimu. Kila mvua ilipokuja, Nkololo inapotea. Si laini moja, zote mbili, sekunde ile ile, kimya kabisa kwa saa nzima au mbili, kisha inarudi na kusalimia kama mtu aliyetoka kuoga. Na kulikuwa na jambo jingine la ajabu. Nilikuwa nampigia nesi wa pale kumuuliza mvua imeanza saa ngapi. Ananiambia saa kumi. Naangalia kumbukumbu: Nkololo imepotea saa tisa na dakika arobaini. Ruta yangu ilikuwa inaiogopa mvua kabla mvua haijafika.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mtu aliyechoka, mwaka wa nne, na barua ya chuo kwenye simu, anamshukuru Mungu. Hatimaye nilikuwa nimepata kitu! Nikaandika sura ya nne, kurasa thelathini na mbili. Nikaeleza kwamba unyevu na vumbi linalotangulia mvua kwenye nyanda kavu hudhoofisha mawimbi kabla tone la kwanza halijaanguka. Kwa nini kampuni mbili zife kwa pamoja? Zinatumia mnara mmoja, nikaandika, na wala sikwenda kuutazama huo mnara. Nikachora grafu za rangi. Nikatia na rejea kumi na nne za watu waliopima mvua za nchi ambazo sijawahi kukanyaga.

Msimamizi wangu yuko Dar es Salaam, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miaka minne alikuwa ananiandikia neno moja pembeni mwa karatasi: rekebisha. Safari hii alinipigia mwenyewe. "Hapa sasa," akasema, "hapa ndipo mchango wako ulipo." Nilitoka ofisini nikanunua soda, nikainywa nimesimama juani, nacheka peke yangu. Mlinzi akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Zilibaki picha tu za kuweka kwenye kiambatisho. Mwezi wa tatu nikaomba lifti kwenye gari la chanjo mpaka Nkololo.

Pale zahanati alikuwepo mhudumu, mama wa makamo anayefagia, anayechemsha vifaa, anayefungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Funguo zote zilikuwa kwake, amezifunga kwenye pindo la khanga. Mimi nilimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu, yeye akaniita mwanangu. Tulisalimiana kama inavyopasa, bila haraka: habari ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mashamba. Dereva wa chanjo alishapiga honi mara mbili tukiwa bado tuko kwenye ng'ombe. Ndipo akaniletea chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo meno yangu ya mjini yanavipenda kwa mashaka.

Nilikuwa nimeshapiga picha mbili. Upande wa mashariki wingu likawa limesimama, jeusi kwa chini, na upepo ukaanza kuokota vumbi la uwanjani. Ikasikika ngurumo moja, ya mbali, ya kukohoa tu. Mama akaegemeza fagio ukutani. Hakukimbia. Akaingia stoo, akakigeuza kioo kidogo cha ukutani kikatazama ukuta, akachomoa waya wa ruta yangu kwenye soketi, akavua khanga ya mabegani akaifunika ruta yote, kile kitaa chake chekundu kisionekane kabisa. Kisha akatoka, akakaa, akaendelea na chai yake.

Simu yangu ikalia mkononi. Sekunde arobaini. Nkololo haipatikani.

"Mayu," nikamwambia, "huwa unafanya hivi kila siku?"

"Si kila siku. Radi ikija." Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni kutoka mbali sana. "Kina taa nyekundu. Wewe hujaiona?"

Jamani! Mimi! Mimi niliyezaliwa Maswa, niliyevuliwa sweta jekundu la shule na bibi yangu kila ngurumo ya kwanza, nikasukumwa chini ya kitanda pamoja na wadogo zangu. Kwetu kioo kilifunikwa, sufuria zinazong'aa zikaingizwa ndani, na hakuna aliyegusa jembe wala shoka mpaka wingu lipite. Yote hayo nilikuwa nayajua kabla sijajua kusoma. Halafu nikaenda chuo, nikasomea njia za data, nikaandika kurasa thelathini na mbili kuhusu unyevu.

Na mama yule hakuwa na kosa. Ukiacha habari ya rangi nyekundu, vitabu vyangu vyenyewe vinasema hivyo hivyo: radi ikikaribia, chomoa vifaa. Aliniambia shemeji yake alipigiwa ng'ombe wanne na mbwa chini ya mti mmoja, kwa pigo moja, na aliyasema hayo huku anakoroga sukari. Mvua ilipokata, akaingia akachomeka waya. Simu yangu ikalia tena. Nkololo ipo.

Tukapanda gari kurudi Bariadi. Dereva akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo.

Siku tatu nilikaa na siri hiyo. Nisijifanye mtakatifu, nilitaka kunyamaza. Nani angejua? Sura ilikuwa nzuri, msimamizi ameipenda, na hakuna mtu wa Dar es Salaam atakayekuja Nkololo kuangalia soketi. Siku ya nne nikampigia msimamizi, na sidhani ilikuwa uadilifu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kubeba uongo kulinishinda.

Nilimweleza yote. "Kwa hiyo ni soketi," akasema.

"Ndiyo, daktari. Ni soketi."

"Sura ya nne ifute." Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye naye amechoka: "Nipatie siku arobaini mfululizo, za msimu wa mvua, ruta zote tatu zikiwa na umeme bila kukatika. Ukizipata, utaandika na utamaliza. Usipozipata, siwezi kusaini."

Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Mvua zetu zinakata mwezi wa tano. Ilikuwa sasa au basi, na kati yangu na shahada yangu alikuwa amesimama mama mmoja na khanga yake.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sijawahi kumsimulia mtu.

Juu ya paa la zahanati ile kuna kinga ya radi: fimbo ya chuma inayochungulia angani, na waya wa shaba unaoshuka ukuta wa nyuma mpaka ardhini, ili radi ikipiga ipite huko na kuzama chini. Siku ya kufunga ruta nilizunguka nyuma nikauona huo waya. Ulikuwa umekatwa usawa wa magoti. Shaba ina soko lake, watu walishaikata. Nikaandika kwenye daftari langu: waya wa ardhi, rekebisha. Sikurekebisha. Fimbo iliyokatwa waya haikingi kitu, na mtu yeyote aliyesoma nilichosoma mimi anajua kwamba kuliko kukaa karibu nayo, afadhali isingekuwepo.

Nikarudi Nkololo wiki ile ile. Nikamshika mama mkono, nikamtoa nje, upande wa mbele. Wa mbele, si wa nyuma. Nikamwonyesha fimbo kwa kidole.

"Unaiona ile, mayu? Radi ikija inashukia pale, inapita ukutani, inaingia ardhini. Ndani haigusi kitu. Ukiiacha ruta inawaka hakuna neno."

"Kweli?"

"Kweli. Nakuomba usiichomoe tena. Siku arobaini tu. Ikizimwa hata mara moja, chuo wananifukuza. Miaka minne yangu yote inakwenda na maji."

Nilipofika hapo machozi yakanilenga, na hayo yalikuwa ya kweli. Nafikiri ndiyo yaliyoupitisha ule uongo uliotangulia. Mama akaitazama fimbo. Kisha akanitazama mimi, muda wa kutosha.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nikajiambia wiki ijayo nitamleta fundi aunge waya. Wiki ijayo ilikuwa ya bajeti, watu wote wanataka kuchapa. Iliyofuata mtoto wangu mdogo alishikwa na malaria. Iliyofuata hiyo sikumbuki nilijiambia nini.

Nikaanza kuhesabu siku. Kabla ya kuanza nilizibadilisha ruta kidogo: badala ya kusalimiana kila sekunde kumi, zisalimiane kila sekunde tatu, na uvumilivu wao niupunguze. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu tangu mwanzo, kwamba mahali ambapo mambo yanakatika kila mara, jirani asisubiriwe sana kabla ya kudhaniwa amekufa. Mvua ya kwanza ilikuja siku ya tano. Kutoka dirisha la ofisi niliona mbingu ya upande wa Nkololo inafunga. Nikaacha printa ya masijala imefunguliwa tumbo, nikaenda kukaa mbele ya kompyuta yangu. Nipo, ikasema Nkololo. Nipo. Nipo. Ngurumo zinasikika mpaka Bariadi, na Nkololo ipo. Nilipiga meza kwa furaha nikamwaga kalamu zote.

Je, nilimfikiria mama? Nilimfikiria. Nilimfikiria yuko nyumbani kwake, chini ya paa lake la nyasi, amejifunika na wajukuu, na ruta iko peke yake stoo. Radi ikipiga, nikajiambia, itapiga kiboksi. Kiboksi kinanunuliwa kingine. Nikalala vizuri.

Siku ya kumi na tisa ilikuja mvua ambayo hata watu wazima wa ofisini walisogea mbali na madirisha. Taa zilipepesa mara tatu. Kwenye kioo cha kompyuta laini moja ya Nkololo ikafa, ikafa kwelikweli, mnara wa kampuni hiyo wenyewe ulizima. Nikashika kichwa. Na kabla sijamaliza kukishika, ruta ikawa imehamia laini ya pili na kusalimia: nipo. Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu tena na tena kwenye kumbukumbu, na zilikuwa kumi na moja. Ukiikamua tasnifu yangu yote, miaka minne, kurasa mia moja na ishirini, hicho ndicho kitakachotoka.

Siku arobaini zikatimia bila pengo hata moja. Nikaandika kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nikawasilisha zikiwa zimebaki siku mbili. Utetezi tulifanya kwa video, mimi nimevaa blauzi ya kanisani na sketi ya nyumbani, na mtahini wa nje akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: nilihakikishaje umeme haukatiki kwenye kile kituo cha Nkololo, ambacho hapo awali kilikuwa kinazimwa?

"Kwa ushirikishwaji wa jamii," nikajibu.

Wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja aliandika.

Nikafaulu, na masahihisho madogo. Mume wangu akauliza, "Kimeisha?" Nikamwambia kimeisha, naye akachinja jogoo. Ofisini wakaanza kuniita profesa, kisha wakaniletea printa. Jumamosi moja nililala kutwa nzima, nikaamka jioni bado nimechoka, nikagundua kwamba uchovu wa miaka minne hauishi kwa siku moja. Tasnifu ikajalidiwa, nakala tano, maandishi ya dhahabu mgongoni. Kwenye ukurasa wa shukrani nilimshukuru Mungu, msimamizi, mwajiri, mume na watoto, na wakazi wote wa maeneo ya utafiti kwa ushirikiano wao.

Mwezi wa nane nikaenda kukusanya ruta zangu. Nilianza Malampaka, nikaenda Nassa, nikamalizia Nkololo. Kiangazi kilikuwa kimeshakolea, barabara ni vumbi tupu, ng'ombe wanatembea mbali kutafuta maji. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda kisimani. Nesi akanifungulia stoo.

Pembeni ya rafu ya ruta palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda, blanketi limekunjwa vizuri.

"Nani anakaa huku?" nikauliza.

Nesi akacheka. "Si mhudumu wetu! Wakati wa mvua alitutesa huyo mama. Wingu likitanda, hata iwe Jumapili, utamwona anakuja mbio kutoka kwake, amejifunika nailoni, anajifungia humo na hicho kidude chako mpaka mvua ikate. Tulimwambia mama wewe utakufa, njoo huku kwenye wodi. Hasikii. Tukasema labda amerogwa."

Nilikaa kwenye kile kigoda. Nilikuwa bado nimekaa hapo mama alipoingia na ndoo yake. Akafurahi kuniona. Akaanza salamu, na mimi ikabidi niitikie zote, moja baada ya nyingine: nyumbani wazima, watoto wazima, kazi nzuri, sijambo, wazima kabisa. Sijawahi kuona salamu ndefu namna ile.

"Mayu," nikasema zilipokwisha, "nilikuambia ile fimbo ya juu inazuia radi."

"Uliniambia." Akatua ndoo chini taratibu, maji yasimwagike. "Ule waya umekatwa, mwanangu. Tangu mwaka juzi. Anayefagia kule nyuma ni mimi."

Nesi alikuwa ameshatoka. Tulibaki wawili.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua ukiwa bado unaongea."

"Sasa kwa nini ulikuja kukaa humu?"

Akaona haya kidogo, kama aliyekamatwa anafanya jambo la kitoto. "Nilikuwa nashika ule waya wa soketi. Nikasema, radi ikisogea karibu sana nachomoa. Basi ikisogea nasema, ngoja kidogo, watamfukuza. Ikisogea tena nasema, ngoja kidogo." Akafuta mikono kwenye khanga. "Siku moja ilipiga hapo nje kwenye ule mti wa mjohoro. Nilijikojolea, nakuambia ukweli, mtu mzima mimi. Nikasema sasa nachomoa. Nikaangalia kile kitaa, kinawaka. Nikaacha."

Siku hiyo naijua. Ni siku ya kumi na tisa. Iko ukurasa wa sitini na nne, ina grafu yake, na chini ya grafu nimeandika kwamba mfumo ulionyesha ustahimilivu.

Nilitaka kumwambia pole. Lakini pole tunamwambia hata aliyejikwaa kwenye jiwe, na jiwe hili nililiweka mimi. Nikamshika mikono yote miwili, nikapiga magoti kwenye sakafu yake aliyoifagia, nikasema, "Nisamehe, mayu." Nikalia kwa sauti, sikujali nesi anasikia.

Aliniacha nilie. Hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia yameisha. Nilipotulia akauliza, "Ulifaulu?"

"Nilifaulu."

"Basi."

Nikasimama nikachomoa ruta, nikakunja nyaya, nikaziweka kwenye begi, naye akanisaidia kufunga zipu.

"Hicho unaondoka nacho moja kwa moja?" akauliza.

"Moja kwa moja, mayu. Sitakirudisha."

"Afadhali," akasema, akaokota ndoo yake. "Mvua zikianza nitakuwa nakaa kwangu."